Wageni wa Kipupwe: Kutoka Gedi Hadi Mdomo wa Sabaki

Jumanne jioni, Watamu

Watazamaji ndege wengi hupanga safari ya pwani wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, kwa sababu ndipo ndege wa Ulaya na Siberia wanapojaa kwenye matope ya hori la Mida. Ni msimu mzuri, siupingi. Lakini mimi hupenda kipupwe. Mwezi huu wa Agosti kusi bado inavuma, bahari imechafuka, alfajiri watu wanatoka na sweta, na huko kusini zaidi, Afrika Kusini na Madagaska, baridi imeshika kweli. Ndege wa huko nao wana safari zao. Hupanda kuja kwetu kungoja hali iwe nzuri kwao, na baadhi yao ni adimu duniani kote. Ajabu ni kwamba hawasemwi. Mtu atakueleza habari za korongo wa Ulaya tangu anaondoka kiotani, ila muulize nani anatutembelea Agosti, atanyamaza.

Nimekuja na mpwa wangu, kijana aliyemaliza shule juzijuzi. Ana macho makali na ana subira, na kazi hii huvitaka hivyo viwili kabla ya darubini.

Mpango wetu: Gedi kumtafuta mkesha madoa, Geokichla guttata kwa jina la kisayansi. Kisha msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako wageni watatupisha kidogo tuwaone wenyeji wasiopatikana karibu kwingine kokote, bundi mdogo wa Sokoke na kwera wa Clarke. Mwisho, mdomo wa mto Sabaki kuwaona glareola wa Madagaska, ndege wa rangi ya tope wanaovuka bahari kuja kwetu. Mida itapata saa zitakazobaki, kwa kufuata maji.

Jumatano, Gedi

Tulifika langoni mapema, baridi ikiwa bado imelala chini ya miti. Kima walikuwa wameamka, na hondohondo walikuwa wakigombana juu ya mtini, lakini chini kulikuwa kimya.

Kwa nini ndege wa msituni atafutwe katika magofu? Gedi ulikuwa mji wa mawe wa Waswahili, wenye msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima na nyumba zilizopangana vizuri. Katika karne ya 17 ulikuwa umeshahamwa, na msitu ukaingia ndani ya kuta. Mwaka 1927 serikali ya wakati ule iliuweka chini ya ulinzi kama mahali pa kihistoria, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Waliolinda walikuwa na nia ya kulinda mawe. Miti ikapona pamoja nayo. Leo nje ya uzio ni mashamba, minazi, nyumba na barabara. Ndani kuna eka kama 45 za msitu mzito. Kwa ndege anayeishi kwa kupekua majani makavu, eka hizo ni kambi ya baridi nzima.

Mkesha madoa hatafutwi kwa kutembea. Ukitembea amekwisha kukuona, na akikuona haruki, anaganda tu palepale, na madoa yake yanakuwa kivuli na mwanga kama vilivyo vivuli vyote vya pale. Hatafutwi kwa wimbo pia, maana huku ugenini ni nadra kuimba. Unachobaki nacho ni mchakacho wa majani. Sasa Gedi nzima inachakacha: mijusi, kima wanaodondosha matunda, na sengi mwenye matako ya dhahabu, yule mnyama wa pua ndefu ambaye anastahili safari yake peke yake. Baada ya muda sikio linaanza kutenganisha. Kororo wakichakura hawapumziki. Sengi anachokonoa, kisha anatoka mbio. Mkesha anaruka hatua mbili tatu, anasimama muda mrefu kuliko unavyotegemea, anapindua jani moja, anasimama tena.

Tulikaa nyuma ya ukuta mfupi, karibu na kisima. Mlamba alitutangaza kwa msitu mzima, akachoka, akaondoka. Nilikuwa nimeanza kutazama upande mwingine mpwa wangu aliponigusa mkono.

"Mjomba, polepole. Kushoto kwa ule mzizi, chini ya kivuli."

Sikuona kitu. Kisha jani moja likapinduka peke yake, na nyuma ya jani kulikuwa na jicho.

Hakuwa mbali nasi hata kidogo. Kifua cheupe kimejaa madoa meusi, makubwa kifuani na yakipungua kuelekea tumboni, kila doa na mpaka wake. Mgongo wa kahawia, mistari miwili myeupe bawani. Usoni ana mapande meusi yanayoshuka wima, moja chini ya jicho na jingine nyuma yake, na ndiyo yanayouvunja uso wake usitambulike kwenye kivuli. Miguu ni ya waridi hafifu, misafi, ya ndege anayekanyaga unyevu siku nzima. Aliingiza mdomo chini ya jani, akalitupa pembeni kwa mtikiso mdogo wa shingo, akainamisha kichwa kama anayesikiliza ardhi. Akavuta mnyoo. Hakuuvuta kwa nguvu: alikaza, akalegeza, akakaza tena mpaka ukatoka mzima. Akaufuta juu ya jani, akaumeza, akatutazama. Hapo akaganda. Tukaganda na sisi, sijui kwa muda gani, mpaka kororo walipopita na yeye akatoweka nyuma ya mzizi.

Wa jamii yake wanaozaa Afrika Kusini wako mbali na hapa, na hao huteremka pwani ya kwao tu. Hawa wetu ni wa aina ndogo iitwayo fischeri. Uwanda wa Rondo, mkoani Lindi, ni mojawapo ya mahali ambapo kiota chao kimewahi kupatikana. Husafiri usiku. Hebu fikiria ndege wa msitu mnene, asiyependa hata kuvuka njia pana, anapanda juu ya minazi gizani na kupita juu ya miji yenye taa, akitafuta kipande kingine cha msitu kilichobaki. Kila kipande kikikatwa, hatua ya safari inarefuka.

Tulipokuwa tukitoka tulimkuta mzee mmoja akifagia njia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmemwona nani?"

Tukamweleza. Akacheka kwa furaha. "Yule mwenye madoadoa! Yule huja mvua kubwa ikipungua, na vuli haimkuti. Hukaa kule visimani, kwenye ubichi."

Nikamuuliza kama huwa wanafagia na chini ya miti. Akasema njia ndizo wanazofagia, chini ya miti hawagusi. Nikamshukuru, na nilimaanisha. Wako wanaodhani majani yaliyooza ni uchafu wa kuondolewa mahali penye wageni, kumbe ndimo konokono, mchwa na minyoo wanamoishi. Ukiyafagia, umefunga jiko la mkesha.

Jumatano jioni, Mida

Maji yalikuwa yakijaa, tukapita kwenye daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko mpaka kibanda cha kutazamia kilicho ukingoni. Ada ya daraja hili husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi karibu na hori na msitu, kupitia mpango wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya ulioanza mwaka 2001. Sioni njia bora ya kumfanya mzazi aione Mida kuwa na faida kwake.

Ndege walikuwa wachache kuliko Januari, ila si haba. Sululu kadhaa na chamchanga wa kwanza waliorudi kutoka kaskazini, wengine bado na mabaki ya rangi za kuzalia. Na wale ndege walao kaa, Dromas ardeola, weupe na weusi wenye midomo mizito, walisimama kundi dogo. Wakubwa wao wakati huu wako pwani za Uarabuni na jirani zake, wakizaa ndani ya mashimo mchangani. Waliobaki huku ni vijana wasiofikia umri wa kuzaa, na migongo yao bado ina kijivu.

Alhamisi, Arabuko-Sokoke, kwenye mrihi

Msitu huu una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Kutoka barabarani unaonekana ukuta mmoja wa kijani. Ndani ni misitu mitatu: wa mchanganyiko, ambamo utamkuta mbambakofi na msandarusi, wa mrihi, kwenye mchanga mweupe, na wa mfunda, kwenye udongo mwekundu. Ndege wanazijua tofauti hizi kuliko sisi.

Mwongozaji wetu ni mtu aliyezaliwa kijiji cha mpakani mwa msitu. Alituomba mambo mawili: tusivae nguo za kung'aa, na tusicheze sauti za ndege kwenye simu. "Ukimwita kwa uongo kila siku, anaacha kula anakuja kugombana na simu," alisema. Nilikuwa tayari nakubaliana naye, ila nilifurahi kuyasikia kwa mtu wa hapa.

Mrihi una nafasi, jua linashuka hadi chini, na unaweza kusubiri muda mrefu bila kusikia hata ndege mmoja. Kisha kundi linafika. Ndege wa aina mbalimbali hupita pamoja vileleni, kila mmoja akila chake, na ukilikosa kundi umekosa asubuhi. Tulilisikia kabla ya kuliona, tukakimbia, shingo nyuma, darubini juu. Chozi wa Amani alikuwemo, tumbo jeupe na kichwa cha kijani kinachometa, mdogo kiasi cha kupotea nyuma ya jani moja. Na juu kabisa, kwera wa Clarke: dume mweusi kichwani na mgongoni, njano tumboni, akining'inia kichwa chini kuchunguza ukungu wa miti.

Kwera huyu hapatikani popote duniani nje ya kaunti ya Kilifi. Alielezwa kisayansi mwaka 1913, na kwa muda wa karne nzima hakuna mtaalamu aliyejua anazalia wapi. Watu walitafuta viota kwenye mrihi huu huu, juu ya miti, kwa sababu ndipo walipomwona akiishi. Mwaka 2013 ndipo alipokutwa Dakatcha, kaskazini ya Sabaki, akijenga kwenye majani ya kinamasi cha msimu, chini kabisa, kundi kwa kundi. Kwa hiyo kuulinda mrihi peke yake hakutoshi. Anahitaji msitu wa kuishi na kinamasi cha kuzalia, na kinamasi chenyewe kinategemea mvua. Dakatcha haina ulinzi kama huu wa Arabuko; mkaa na mashamba ya mananasi yanaila. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote niliyoyaandika humu.

Chini ya miti tulimpata pia Anthus sokokensis, ndege mdogo wa kahawia mwenye michirizi myeusi kifuani, akikimbia juu ya majani makavu kama panya. Ni wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania tu.

Ijumaa, kwenye mfunda

Upande wa Jilore udongo unageuka mwekundu na msitu unafunga. Mifunda ni mifupi, imesongamana, na matawi yake yanakukamata nguo. Tuliingia usiku ukiwa haujaisha, kusikiliza.

Bundi wa Sokoke, Otus ireneae, alielezwa mwaka 1966. Baadaye akapatikana pia Usambara Mashariki nchini Tanzania, na wengine wachache Dakatcha. Urefu wake haufiki sentimita 20. Sauti yake si ya kutisha hata kidogo: mluzi mmoja laini, unarudiwa kwa mwendo wa kupima, mara tano, sita, saba, kisha kimya. Ukisimama gizani unajikuta unahesabu pamoja naye. Wawili waliitikiana, mmoja mbele yetu na mwingine kushoto, na mwongozaji akaelekeza kidole pale sauti ya mwisho ilipotokea kabla ya kupambazuka. Ndiyo kazi yake, kujua walikonyamazia.

Kulipokucha alituacha njiani, akaingia kichakani peke yake. Hakuvunja tawi. Alirudi akiwa na jasho na tabasamu, akatuonyesha kwa mkono tuiname.

Tulitambaa. Kilichonishangaza ni jinsi walivyokuwa chini: urefu wa kifua cha mtu mzima, ndani ya kichaka, wawili bega kwa bega. Mmoja alikuwa wa kijivu na mwingine wa kutu, maana bundi hawa wana rangi zaidi ya moja. Wa kijivu alikuwa amejinyoosha, masikio yake ya manyoya yamesimama, macho yamefungwa yakabaki nyuzi mbili. Manyoya ya kifua yalikuwa na vidoa vyeupe na vimistari vyeusi vilivyofanana kabisa na gome alilokuwa ameegemea, hata chembe za kuvu za gome hilo zilikuwa na ndugu zake pale kifuani. Wa kutu alifungua jicho moja la njano, akatupima, akalifunga. Upepo wa kusi ulitikisa tawi na wote wawili wakayumba kwa pamoja.

Hatukukaa sana. Ndege anayelala mchana akisumbuliwa anahama, na akihama mchana mwewe anamwona. Picha mbili, tukarudi kinyumenyume.

Wakati wa kutoka tulipita kisiki cha muhuhu, kimekatwa si zamani, unga wa msumeno bado mbichi chini. Muhuhu ni mti wa wachongaji, na mbao yake ina soko. Mwongozaji alisimama akaandika mahali pale kwenye daftari lake kwa ajili ya askari wa msitu. Alisema visiki vimepungua kuliko alipokuwa kijana, ila havijaisha. Pale Gedi kuna mradi wa Kipepeo, tangu 1993, ambapo familia za mpakani hufuga vipepeo wa msitu na pupa wake huuzwa ng'ambo. Mwenye kufuga vipepeo hana haja ya kuelezwa kwa nini mti usimame.

Jumamosi

Mvua za mchoo. Manyunyu tangu asubuhi, upepo, hakuna cha kuona. Tulikausha darubini na kulala.

Jumapili, mdomo wa Sabaki

Mto huu una majina mengi: Athi huko juu, Galana katikati, Sabaki unapofika baharini kaskazini ya Malindi. Unakuja na udongo wa bara, na hapa unaumwaga, hivyo maji ya bahari ni mekundu na fuo zinajengwa upya kila mwaka. Tulipita daraja, tukaacha njia, tukashuka pamoja na kijana wa kijiji cha karibu aliyejua viboko wamelala wapi. Hilo si jambo la kupuuza. Viboko wa Sabaki hukaa kwenye vidimbwi vilivyofichwa na mikoko, na anayepita bila mwenyeji anajitafutia hatari.

Kwanza heroe, mstari wa waridi mbali kwenye kina kifupi. Buabua na shakwe wametanda kwenye ukingo wa mchanga. Kwenye majani mafupi ya nyuma ya matuta ya mchanga kulikuwa na Anthus melindae, jamaa ya yule Anthus wa Sokoke, huyu wa Malindi mwenyewe. Glareola hawakuonekana, ingawa tulipekua mchanga wote kwa darubini ya miguu mitatu. Kijana akacheka: "Mnaangalia mbali, kaka. Wako hapo."

Matope makavu mbele yetu, yale niliyokwisha kuyapita kwa darubini nikaona madongo tu, yalikuwa ndege. Wote wameukabili upepo, wamelala kifudifudi nyuma ya vijibonde vya nyayo za ng'ombe. Mia kadhaa. Mgongo wa rangi ya tope, kofia nyeusi zaidi, mstari mfupi mweupe chini ya jicho, na huo mstari ndio unaowatenga na jamaa yao wa Afrika. Mmoja alipojinyoosha tukaona tumbo la rangi ya mdalasini, nyeupe kuelekea mkiani, na uwekundu kidogo kwenye shina la mdomo.

Hawa wote huzaa Madagaska, Bukini ya wazee wetu, na kipupwe kikifika huvuka maji zaidi ya kilomita 1,000 mpaka pwani yetu. Sabaki ni moja ya vituo vyao vikubwa. Kuna miaka wamehesabiwa hapa kwa maelfu. Sehemu kubwa ya ndege wa aina moja, wakati mmoja, juu ya tope la mto mmoja. Na tope lenyewe halina uzio wala bango la hifadhi. Ng'ombe hupita, jambo ambalo naona halina shida kubwa, ila pikipiki za kuchezea ufuoni zikipita, kundi zima linainuka na kupoteza nguvu lilizokuja kuzitunza.

Alasiri jua liliposhuka, wakaondoka wenyewe. Makundi madogo kwanza, kisha wote, wakapanda juu ya mikoko kuwinda wadudu hewani, wakigeuka ghafla na kuonyesha rangi ya kutu chini ya mabawa. Kuwahesabu wakiruka ni kazi: unahesabu kumi vizuri, unapima nafasi waliyoijaza, kisha unapanga kumi juu ya kumi mpaka mwisho wa kundi. Mpwa wangu alihesabu kivyake na mimi kivyangu, tukalinganisha. Tulitofautiana, tukarudia walipozunguka, safari hii tukakaribiana. Idadi hiyo tumeiingiza usiku huu kwenye Kenya Bird Map, ramani ya ndege inayojengwa na watazamaji, inayoigawa nchi katika viraba vya kilomita 9 kwa 9 hivi, pamoja na mkesha wa Gedi na wote wengine. Bundi tumewaandika bila kutaja kichaka.

Dakatcha hatukufika. Vinamasi vyake sasa ni vikavu na kwera wako Arabuko. Kijana wa Sabaki ana mjomba wake huko, ametuahidi kwamba masika ikinyesha vya kutosha na majani yakaota, atatupigia simu.